Tupeane uzoefu: mliovuka mpaka peke yenu kwa basi au treni, Malaysia, Thailand, Kambodia, Vietnam

BintiPangani:
Habarini wakuu. Leo nasafisha droo nikakuta kadi yangu ya homa ya manjano, pembe zimejikunja, ina doa la chai. Moyo ukanipasuka upya. Wakati ule nasoma Kuala Lumpur, likizo nikapanda treni KL Sentral hadi Padang Besar ili niende Hat Yai. Uhamiaji wa nchi zote mbili uko ndani ya stesheni moja: unagonga wa kutoka Malaysia, hatua chache tu unagonga wa kuingia Thailand. Viza nilikuwa nayo, nikajua nimemaliza. Afisa kaona pasipoti ya Tanzania, kaniomba kadi. Nikamweleza nina miezi mingi sijafika nyumbani, hakutaka kusikia. Nimechambua begi sakafuni, kanga na sidiria nje, foleni nzima inatazama! Kadi ilikuwa ndani ya kitabu. Saa yangu ikaniambia treni ya Hat Yai imeshaondoka, nikaanza kulia. Kumbe Thailand wako nyuma ya Malaysia saa moja. Treni ilikuwa bado imesimama.

Wengine yaliwakuta yapi?

KondaMstaafu:
Kadi ya njano inakaa ndani ya jalada la pasipoti, siku zote. Mimi hata Nairobi naenda nayo.

MzeeWaRusumo:
Nilikwenda kumwona kijana wangu anayefundisha Vientiane, mji mkuu wa Laos. Nong Khai, upande wa Thailand, unapanda basi dogo la kuvusha, linapita Daraja la Urafiki juu ya Mekong, lile la 1994. Thailand wanaendesha kushoto kama sisi, Laos kulia, kwa hiyo gari linahama upande. Vijana wa kizungu walishika viti. Mimi nimevusha semi Rusumo miaka mingi, ukiingia Rwanda unahama vilevile, nikajisikia niko kazini.

NyarKisumu:
Dada BintiPangani umenitonesha kidonda. Yangu ni ya 2024, Phnom Penh kwenda Ho Chi Minh City, basi la asubuhi. Kabla ya Bavet, mji wa mpakani wa Kambodia, konda akapita akikusanya pasipoti zote, akazifunga kwa mpira kama mama wa sokoni anavyofunga noti. Yangu ya bluu ikawa juu kabisa, naiona nikiwa kwenye kiti. Upande wa Kambodia tukagongewa wa kutoka bila maswali. Upande wa Vietnam, Moc Bai, konda akaweka rundo mbele ya afisa, wakaanza kuita majina. Mtu anaitwa, anapita. Mwingine anaitwa, anapita. Rundo linapungua. Ikabaki yangu.

Afisa hakusema kitu. Aliweka kidole kwenye mstari mmoja wa viza yangu ya mtandaoni, akaninyooshea karatasi. Magoti yaliisha nguvu. Ukiomba viza ile unachagua utaingilia wapi. Mimi mwanzo nilipanga kwenda kwa ndege, nikachagua uwanja wa ndege wa Ho Chi Minh City, Tan Son Nhat, baadaye nikaona basi ni rahisi, nikasahau karatasi. Kambodia nimeshatoka. Vietnam siwezi kuingia. Konda alinirudishia pasipoti kwa mikono miwili, akanionyesha saa yake, akaenda. Nikaliona basi likiondoka na begi langu kubwa kwenye buti.

Nilirudi Bavet kwa miguu, nikalipa dola 30 viza nyingine ya Kambodia, nchi niliyotoka saa hiyohiyo. Mji wenyewe ni makasino, taa na kelele usiku kucha. Nikaomba viza mpya, dola 25, siku tatu za kazi, na wikendi ikaangukia katikati. Siku tano kwa nguo moja. Kila asubuhi mama mmoja alikuwa akiuza wali na nyama ya nguruwe ya kuchoma kando ya barabara. Hatukuelewana hata neno moja, lakini kuanzia siku ya pili akawa ananiongezea kipande, ananipigapiga mkono. Yule mama nitamkumbuka hadi nazeeka.

Shangazi_Zenj:
Wallahi nimesoma huku nimeshika kifua. Begi je?

Kaka_Likoni:
Pole sana. Lakini mwanamke peke yake nchi za watu, ndiyo haya.

BintiPangani:
Kaka, mlango wa kuingilia umeandikwa vibaya kwenye viza. Uanamke umeingiaje hapo?

Kaka_Likoni:
Nina mabinti watatu dada, nasema kwa uchungu.

NyarKisumu:
Wafundishe kusoma viza yao mstari kwa mstari, kaka. Safari waachie.

KondaMstaafu:
Kosa la kwanza ni kumpa konda pasipoti. Pasipoti haitoki mkononi.

Mpemba_JB:
Mkuu, hapo umepotosha. Usipompa unabaki nyuma ya foleni peke yako na basi linakuacha. Ndivyo njia ile inavyokwenda. Piga picha ukurasa wako, mpe, kaa karibu naye.

KondaMstaafu:
Nimekuwa konda miaka 22, najua makonda.

Mpemba_JB:
Wa Ubungo! Mimi naishi Johor Bahru, Malaysia, mpakani na Singapore. Singapore navuka kwa basi namba 170, unashuka na mizigo yako yote pande zote mbili kwa sababu basi halisubiri mtu. Unatunza tiketi, unapanda linalofuata. Epuka asubuhi ya siku za kazi, hapo utaona umati wa Karume mara kumi.

Shangazi_Zenj:
Jamani begi la huyu dada?

Mchagga_Huru:
Mimi Bangkok hadi Aranyaprathet, mji wa Thailand karibu na mpaka wa Kambodia, treni ya saa 11:55 alfajiri, baht 49, feni juu na madirisha wazi, unafika karibu na adhuhuri. Nikashuka, bajaji ikanipeleka kwenye "ofisi ya viza" ya Kambodia yenye bendera na meza. Nikalipa. Nilipofika mpakani penyewe nikaona watu wanalipa dola 30 tu. Dereva akikuambia viza inapatikana hapa, mwambie mpakani, mpakani, mpakani, hadi achoke.

Mpemba_JB:
Waambie pia njia hiyo ilifungwa 2025 Thailand na Kambodia walipopigana. Mtu asinunue tiketi kabla hajaulizia.

Safari_Njema:
Pandeni ndege tu.

MzeeWaRusumo:
Ndege haikuonyeshi Mekong, kijana.

Shangazi_Zenj:
BEGI.

NyarKisumu:
Shangazi samahani, nilikuwa kazini. Nilifika Ho Chi Minh City siku ya sita, nikaenda ofisi ya kampuni ya basi nikiwa nimeshakata tamaa. Dada wa kaunta akaangalia tiketi yangu, akainama, akalivuta kutoka chini ya meza. Walikuwa wamelibandika karatasi yenye namba ya kiti changu. Hata zipu haikuguswa. Nikakaa juu yake palepale, dada akaniletea maji.