Laini ya Kenya, kifurushi cha romingi au eSIM: kipi kina unafuu kwa anayetoka Mwanza?

Abiria_wa_Sirari
Wakuu, habari za majukumu. Naomba ulinganisho. Safari ni Mwanza hadi Kisumu kupitia Sirari, siku tano. Baadaye Kampala kupitia Mutukula. Simu ni ya laini mbili. Matumizi ni WhatsApp kutwa, ramani kidogo, na laini ya Tanzania lazima iendelee kupokea ujumbe wa benki. Sitaki makato ya kushtukiza. Nichukue kipi?

Fundi_Makoroboi
Kwa siku tano, mkuu, nunua laini ya Kenya ya kutumia data, hii ya Tanzania ibaki hewani kwa SMS tu. Kupokea SMS ukiwa nje kwa kawaida hakukatwi. Kupokea simu ndiko kunaweza kukatwa, na watu wengi hawalijui hilo kwa sababu huku nyumbani anayepigiwa halipi.

Fanya haya ukiwa bado Tarime, usisubiri kuvuka:

Zima romingi ya data (kutumia intaneti ya laini ya nyumbani ukiwa nje ya nchi) kwenye laini ya Tanzania. Ukishaweka laini ya Kenya, ichague yenyewe iwe ya data, kisha zima ile sehemu inayoruhusu simu kuhamisha data kwenda laini nyingine mtandao ukiwa dhaifu au ukiwa unaongea. Hiyo ndiyo tundu. Mtu anajua amepanga vizuri, kumbe simu imehamia yenyewe kwenye laini ya nyumbani.

Halafu piga ##002# kufuta uelekezaji wote wa simu. Ukipigiwa ukiwa Kisumu, simu inakuwa imeshafika Kenya. Usipopokea na laini ikawa imeelekezwa kwenye ujumbe wa sauti, simu inarudishwa tena Tanzania. Unaweza kukatwa safari zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, wakati simu iko mfukoni.

WhatsApp ikikuuliza kama unabadili namba baada ya kuweka laini mpya, kataa. Inaendelea na namba yako ya +255 bila shida.

Mama_Igoma
Fundi umesema vema, ila laini ya Kenya inahitaji kusajiliwa kwa hati halisi, mfano pasipoti. Anayevuka kwa hati ya muda anaweza kukataliwa na wakala. Na zile laini za mkononi pale mpakani "zilizosajiliwa tayari" achana nazo. Zipo kwa jina la mtu mwingine, zikifungwa huna pa kulalamika.

Safari ikiwa ya siku moja au mbili, mimi nasema kifurushi cha romingi. Unajiunga ukiwa bado Mwanza, unasubiri SMS ya kuthibitisha. Soma mambo matatu: nchi, muda, na mtandao mwenza. Hilo la tatu ndilo linaloumiza. Kifurushi kinaweza kukubali mtandao mmoja tu wa Kenya. Simu ikinasa mwingine, unatozwa bei ya kawaida ya romingi na kifurushi kipo kimekaa. Zima uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha, chagua kwa mkono ule uliotajwa.

Na bando lako la kawaida la nyumbani halivuki mpaka, hata kama limebaki GB 10.

Kijana_wa_Shirati
Huku Rorya hata kuvuka si lazima. Ukiwa ufukweni Shirati au ziwani upande wa kaskazini, simu inaweza kunasa mnara wa Kenya. Dalili ni ile SMS ya "Karibu Kenya" na alama ya R juu ya kioo. Dawa ni hiyohiyo: mtandao kwa mkono, romingi ya data izimwe muda wote.

Abiria_wa_Sirari
Asanteni. Laini ya kampuni ileile yenye mtandao pande zote mbili haisaidii?

Fundi_Makoroboi
Jina moja si bei moja. Ni kampuni mbili zenye leseni mbili, na anayekukata ni mtandao wako wa Tanzania kwa bei yake ya romingi. Uliza bei ya MB kabla. Tuseme ni shilingi 500 kwa MB: picha 40 za MB 3 zikijihifadhi zenyewe mtandaoni ni MB 120, yaani shilingi 60,000, na hujaandika hata neno moja. Ndiyo maana uhifadhi wa picha, masasisho ya programu na video zinazojicheza vyote vizimwe.

Nyegezi_Kwetu
Kuhusu eSIM, yaani laini ya kupakua isiyo na kadi: piga *#06#. Ukiona namba ya EID, simu yako inaikubali, usipoiona, usinunue. Ipakue ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, maana kuiweka kunahitaji intaneti. Nyingi ni za data tu, hazina namba ya kupigiwa. Kwa Kisumu pekee sioni faida yake. Ina maana kwa anayeunganisha nchi kadhaa, Kenya, Uganda, Rwanda, kwa mpango mmoja.

Wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou, hao ni kundi lao. Laini ya China itakufungia WhatsApp na Google, lakini data ya romingi hupitia mtandao wa nyumbani, kwa hiyo WhatsApp hufunguka. Huko romingi ghali inaweza kuwa ndiyo sahihi.

Mama_Igoma
Nyongeza kwa wenye laini za kulipia mwisho wa mwezi: rekodi za romingi huweza kuchelewa kutoka mtandao wa ugenini, hivyo deni linaweza kuonekana ukiwa umesharudi. Omba ukomo wa deni kabla ya safari. Wa vocha ana nafuu, salio likiisha limeisha.

Ukikatwa usichokielewa, piga picha ya kioo inayoonyesha SMS ya kifurushi, tarehe na jina la mtandao ulionaswa, anza na mtoa huduma wako, upewe namba ya malalamiko. Wasipokujibu, nenda na namba hiyo ofisi ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) Kanda ya Ziwa, iko hapahapa Mwanza.