Fundi kaziba taa ya ABS kwa tepu, kaniambia gari imepona

Wakuu, nina hasira, kwa hiyo msitegemee mpangilio. Aina ya gari sitaitaja, nawajua, mtahamia kwenye "ungenunua IST".

Tairi ya mbele kulia ilikuwa inanguruma, ule mngurumo wa beringi unaozidi ukikata kona. Nikapeleka gereji moja maeneo ya Mwanjelwa, hapa Mbeya. Beringi ikatolewa kwa presi, ikapigwa mpya, kelele kwisha. Nikalipa, nikashukuru. Sijafika hata Mafiat, taa ya ABS (ule mfumo unaozuia tairi zisigande ukikanyaga breki) hiyo, njano.

Hapo ndipo nilipoanza kuliwa.

Nikageuza. Fundi akachomeka mashine, ikaleta kasoro ya sensa, kile kidude kinachosoma mzunguko wa tairi, ya mbele kulia. "Bosi, sensa imekufa, hiyo elfu 65." Mashine imesema, mimi ni nani nibishe? Ikafungwa mpya, akafuta ile kasoro kwenye mashine, taa ikazima. Natoka getini, haizidi mita mia mbili, imewaka. Akasema ile ilikuwa feki, akaleta nyingine, elfu 65 tena. Ikawaka tena. Mara ya tatu akatoa mita, akapima omu (ukinzani wa umeme) za sensa, akatikisa kichwa kama daktari, akanitangazia kuwa kontroli boksi ya ABS imeungua, nitafute laki sita.

Jamani, mashine inachosema ni kwamba taarifa ya mzunguko wa tairi ile haifiki. Haisemi nani kaizuia. Inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa waya uliokatikia ndani ya ganda pale unapokunjwa kila ukigeuza usukani, inaweza kuwa soketi imeshika kutu, au hicho chenyewe ambacho sensa inakisoma. Na hizo omu, unazipata kwenye sensa za zamani za koili, kama elfu moja hivi na kuendelea. Za sasa hivi nyingi zina chipu, mpaka zipewe umeme ndiyo zinasema kitu. Kuzipima omu ni kupiga ramli. Haya nimeyajua baadaye, tena kwa pesa yangu.

Nikamwambia laki sita sina. Akasema acha gari, nitakupambania. Jioni nakuta taa imezima! Elfu 40 ya ufundi, na ya soda nikaongeza. Ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa), fundi.

Wiki mbili baadaye nateremka kutoka Isyonje kwenda Kiwira, mvua ya Rungwe mnaijua. Fuso la viazi mbele yangu likasimama ghafla. Nikakanyaga. Mwenye ABS nzima anajua, pedali inakutetemekea mguuni na usukani bado unakusikia. Kwangu kimya. Tairi zikaganda, gari ikawa inaelea tu, nageuza usukani yenyewe inakwenda ilikotaka. Tulisimama pua ikiwa mtaroni. Mke wangu hakusema neno mpaka Tukuyu, na wanaume mliooa mnaelewa ukimya huo unagharimu nini.

Breki za kawaida zilikuwepo. ABS ikifa breki bado zinashika, ila hakuna tena wa kuiachia tairi isigande. Ndiyo maana wakaweka taa, ujue uendeshe vipi. Sasa mimi nilinyimwa hata kujua.

Kesho yake nafungua swichi nirudi, nikaangalia dashibodi vizuri. Taa zote zinawaka, na ya ABS inatakiwa iwake sekunde chache ndiyo izime. Yangu haikuwaka kabisa. Dashibodi ilipofunguliwa, nyuma ya ile alama kulikuwa na kipande cha tepu nyeusi ya umeme, kimekatwa vizuri, ukubwa wa kucha ya kidole gumba.

Aliyeifungua ni mzee mmoja wa Uyole. Kabla ya kushika spana aliuliza, "Ilianza lini?" Nikamwambia, siku ile ile ya beringi. Akacheka. Akanikalisha kwenye usukani, yeye kashika mashine, tukaenda taratibu huku akisoma mwendo wa kila tairi. Tatu zinasema 20, ya mbele kulia sifuri. Waya mzima, umeme kwenye soketi upo. Akashusha habu, kile kitovu tairi inapofungwa, akatoa beringi.

Akachota vumbi la chuma kwa mchomeleaji wa jirani, akainyunyizia beringi upande wa nje. Wakuu, lile vumbi lilijipanga lenyewe, vimistari vyembamba kama meno ya kitana, duara zima. Akageuza upande wa ndani, ambako sensa inachungulia. Vumbi likamwagika chini. Beringi ilipigwa kinyume! Kumbe beringi hii ina duara la sumaku upande mmoja, ndilo sensa inalolisoma; sasa sumaku iko nje, sensa inatazama ukuta.

Beringi ya presi ikishang'olewa hairudi, kwa hiyo nyingine mpya, elfu 90, na ufundi elfu 50. Halafu akaniuliza kama ninayo sensa iliyotoka na gari. Ilikuwa kwenye buti, nina tabia ya kuondoka na spea zangu kuukuu. Akaifunga hiyo hiyo. Tepu imetolewa, taa inawaka sekunde tatu inazima, inafanya kazi mpaka leo.

Nimerudi Mwanjelwa na zile sensa mbili mkononi nidai changu. Fundi hakuziangalia hata. "Bosi, si ulitaka taa izime?"