Kufuma na kufunga mafundo kama ibada ya wachawi wa kisasa wa Uingereza: naomba ufafanuzi

Mfumaji wa Bristol

Assalamu alaykum, na habari zenu wanajukwaa wote. Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi Bristol, ambako hukutana na wanawake wenzangu maktabani kwa ajili ya kufuma. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye heshima zake, ametueleza waziwazi kwamba yeye ni mchawi na kwamba kufuma ndiyo ibada yake: huchagua rangi ya uzi kulingana na nia aliyonayo, huitamka nia hiyo anapoanza safu ya kwanza, na huamini kwamba kila tundu analolifunga kwa sindano limebeba sehemu ya dua yake. Amenifumia mtandio wa sufu ya kijani kwa ajili ya afya ya mwanangu mchanga, akaambatanisha na kamba nyembamba yenye mafundo tisa na manyoya ya jogoo. Kwetu pwani mchawi hajitangazi, sembuse kutoa zawadi mchana mbele za watu, na ndiyo maana nimeshindwa kulielewa jambo hili. Naomba wenye elimu wanieleze mazoea haya yametoka wapi, na kama inafaa niipokee zawadi hii.

Msomi wa Makumbusho

Wa alaykum salaam, dada. Mama huyo anafuata dini ambayo wafuasi wake wengi huiita Wicca, au tawi mojawapo lililo karibu nayo. Katika sensa ya mwaka 2021 ya Uingereza na Wales, watu wapatao 74,000 walijiandikisha kuwa Wapagani na wengine wapatao 13,000 wakaandika Wicca, kwa hiyo humo nchini si jambo la siri. Aliyeitangaza hadharani ni Gerald Gardner, mstaafu wa idara ya forodha huko Malaya (nchi ambayo leo ni sehemu ya Malaysia), ambaye alianza kuandika juu yake waziwazi baada ya Bunge kufuta sheria ya uchawi ya mwaka 1735 hapo mwaka 1951. Wafuasi wa mwanzo waliamini kwamba wamerithi dini ya kale isiyokatika, lakini mwanahistoria Ronald Hutton wa Chuo Kikuu cha Bristol, mji wako huo huo, ameonyesha kwa ushahidi mwingi kwamba ibada yenyewe iliundwa katika karne ya ishirini, ingawa imeokota vipande vya mila za zamani.

Kamba uliyopewa ni mfano mzuri wa vipande hivyo. Mwaka 1878 nyumba kuukuu ilikuwa ikibomolewa katika mji wa Wellington, Somerset, na darini wakakuta mifagio pamoja na kamba iliyochomekwa manyoya, ambayo wafanyakazi waliiita ngazi ya wachawi. Mtaalamu wa mila Edward Tylor alipoionyesha mbele ya wasomi mwaka 1887, wapo waliosimama wakasema kwamba hicho ni chombo tu cha kutishia paa wasitoroke mawindoni, naye baadaye akakiri kwamba hakupata uthibitisho wa kutosha. Leo kamba hiyo imo katika Makumbusho ya Pitt Rivers mjini Oxford. Wachawi wa kisasa wameichukua maana ile ya wafanyakazi, wakaifanya kuwa kazi ya mikono yenye utaratibu wake: hufunga fundo moja baada ya jingine huku wakitamka wanachokitaka. Kwa hiyo kitendo kinachofanywa leo ni cha kweli na wanaokifanya wanakiamini, hata kama historia ya kifaa chenyewe haijathibitika.

Mwalimu wa Madrasa

Dada yangu, maelezo ya kaka hapo juu nimeyapokea kwa shukrani, lakini hayaondoi uzito wa jambo. Katika Suratul Falaq tunafundishwa kujikinga na shari ya wanaopulizia mafundoni, na Hadithi inasimulia jinsi kitana na nywele vilivyotumiwa katika sihiri. Fundo lililofungwa huku likitamkiwa maneno ya kuomba kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu halifai kuwekwa karibu na mtoto, hata kama aliyelifunga ana moyo safi kabisa. Mimi ningelirudisha kwa upole, bila kumvunjia heshima jirani.

Msuka Ukili wa Pemba

Mwalimu, kuhusu kamba nakubaliana nawe. Kuhusu mtandio naomba nitofautiane nawe kwa adabu. Nimesuka mikeka tangu utotoni, na bibi zetu walisoma nyiradi wakati wa kusuka, wakimkusudia bi harusi atakayeukalia ule mkeka. Hakuna aliyesema kwamba mkeka umekuwa hirizi. Ninavyomwelewa mama huyo, anachokithamini ni muda mrefu wa mikono kurudia tendo moja huku akili ikiwa kwa mtu fulani, na ndiyo maana wachawi hawa hupenda kutengeneza vitu vyao wenyewe, kama ufagio wa vijiti vya mbetula au mshumaa wa nta, hata pale ambapo dukani vinapatikana kwa bei nafuu. Imani yake hatuishiriki, lakini sufu ni sufu.

Mfumaji wa Bristol

Nawashukuru sana. Nimezungumza naye, nikamweleza kwamba dini yangu hainiruhusu kuweka kamba ile kwa mtoto, naye akaichukua bila kinyongo akasema kwamba alipaswa kuniuliza kwanza. Mtandio ninao. Alinieleza pia kwamba katika mafundisho yao kumfungia mtu fundo bila ridhaa yake ni kosa, jambo ambalo limenigusa. Je, nikisafiri na mtandio huo kwenda Tanga kuna tatizo lolote?

Wakili Msaidizi

Mtandio hauna tatizo. Kamba ingeweza kukuletea maswali, kwa sababu Sheria ya Uchawi ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1928 chini ya utawala wa Waingereza, bado inataja kosa la kumiliki vifaa vya uchawi, na Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 1925. Waingereza walifuta ya kwao. Zile walizotuachia bado zimo vitabuni, na nadhani zinastahili kujadiliwa katika mada yake peke yake.