Pikipiki imegoma kuwaka: ninunue betri, sidiai au kabureta nzima?

Mwendo_Pole
Wakuu salama? Pikipiki yangu imegoma kuwaka. Ilikaa kidogo bila kutumika, sasa nikipiga stata haishiki. Fundi wa kwanza kasema betri imekufa. Wa pili kasema sidiai (CDI, kile kiboksi kinachoongoza cheche ya plagi) imeungua. Jirani yangu, ambaye naye ana pikipiki, anadai kabureta (ile inayochanganya petroli na hewa) imechoka, nitoe nzima niweke mpya. Mfukoni nina uwezo wa kitu kimoja tu kati ya hivyo vitatu. Nyie mngeanza na kipi? Jibuni haraka, kazi zangu zote zinategemea hiyo pikipiki.

Spana_Kumi
Mkuu, umeleta mgonjwa bila dalili. "Haishiki" maana yake nini? Stata inazungusha injini ila moto haushiki? Au ukibonyeza unasikia tik tik tu? Au kimya kabisa? Hayo ni magonjwa matatu tofauti. Halafu ni ya kabureta au ya injekta? Ina kiki? Hiyo "kidogo" iliyokaa ni wiki au miezi? Mafuta ya kwenye tanki ni ya lini?

TaaKubwa
Betri hiyo. Pikipiki ikikaa, betri ndiyo inayotangulia kufa. Nunua betri ulale usingizi.

MzeeWaKiki
TaaKubwa wewe kila uzi jibu lako ni betri, hata mtu akiuliza breki. Hiyo ni kabureta. Petroli ikikaa kwenye kikombe cha kabureta inakauka inaacha utando wa kunata, na cha kwanza kuziba ni jeti ndogo (kipuri chenye tundu la kupitishia mafuta), ile ya sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kuvutwa mafuta. Tundu lake halifiki hata nusu milimita. Ikiziba hiyo utapiga stata mpaka betri ife, halafu uambiwe tatizo lilikuwa betri.

Mwendo_Pole
Inazunguka ila haiwaki. Taa zote zinawaka vizuri. Kuna siku tuliisukuma ikashtuka mara moja ikazima. Ni ya kabureta. Kwa hiyo betri tuiondoe kwenye orodha?

Spana_Kumi
Usiondoe chochote bado. Taa kuwaka si ushahidi. Taa ya dashibodi inakula umeme kiduchu, stata inakula mara nyingi zaidi. Tafuta mita ya umeme, azima kama huna. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imetulia, inasoma kama 12.6 kwenda juu. Ikisoma chini ya 12 imeshuka sana. Sasa acha mita ikiwa imeshika vichwa vya betri, mtu mwingine abonyeze stata. Ikianguka chini ya 9.5 hivi, hiyo betri ni dhaifu au imekwisha hata kama taa zinang'aa. Ichaji kwanza upime tena kabla hujaizika.

Na bado hujasema kama ina kiki.

Gia_Nne
Kabla ya mita, angalia vitu vya bure. Swichi nyekundu ya kuzimia iko upande gani? Stendi ya pembeni imepandishwa? Koki ya mafuta iko wazi? Usicheke, nimeona watu wazima wanafungua injini kumbe koki imefungwa.

DadaWaKona
Naomba nikusimulie yaliyonikuta ili usipigwe kama nilivyopigwa.

Yangu ilizima ghafla, haikuwaka tena. Fundi hakutoa hata plagi. Alisikiliza stata, akatikisa kichwa, akasema sidiai. Nikanunua. Haikuwaka. Akasema basi koili, ile inayokuza umeme wa cheche, maana sidiai ikifa inaondoka na koili. Nikanunua. Ikawaka! Nikalipa nikaondoka nikiimba. Kesho yake asubuhi imegoma. Nikarudi, akasema sasa ni koili ya magneto, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, lazima tufungue injini upande. Hapo nikakataa.

Nilichokuja kugundua ni hiki: nikikunja usukani kulia inawaka, nikiukunja kushoto inakufa. Na mimi kila nikiegesha nafunga usukani kushoto. Fundi mwingine, kijana mtulivu, akafungua taa ya mbele akafuata nyaya kwa vidole mpaka shingoni. Waya wa swichi ya kuzimia ulikuwa umesuguliwa na fremu mpaka shaba ikaonekana. Usukani ukienda kushoto, shaba inagusa chuma, cheche inakufa. Siku ile "ilipowaka" si koili iliyoiponya, ni usukani ulikuwa umenyooka. Akaufunga utepe, akaupitisha njia nyingine, kazi ikaisha.

Sidiai yangu ya zamani nilipoenda kuidai nikaambiwa ilitupwa. Ilikuwa nzima ile! Kwa hiyo, ndugu, kipuri cha zamani hakikisha unarudishiwa mkononi, hata kama ni kibovu.

FundiUsiku
Dada pole, lakini msituweke mafundi wote kapu moja. Mteja anakuja anasema "nina haraka, wewe badilisha tu", na akiambiwa alipie kupima anaona anaibiwa. Kupima ni kazi. Kufuata waya kuanzia taa mpaka chini ya kiti kunaweza kula nusu siku, na mwisho unaweka kipande cha utepe. Nani atalipa nusu siku kwa utepe?

DadaWaKona
Mimi ningelipa. Ningelipa kwa furaha kuliko sidiai na koili nisizozihitaji.

TaaKubwa
Turudi kwenye mada. Sidiai bila umeme wa kutosha haitoi cheche. Betri ikishuka wakati stata inazunguka, cheche inakuwa hafifu. Kwa hiyo tunarudi palepale: betri.

MzeeWaKiki
Uongo. Mimi nimeendesha pikipiki isiyo na betri kabisa muda mrefu tu. Kiki moja inawaka.

Spana_Kumi
Mnabishana wakati kila mmoja ana pikipiki yake kichwani. Sidiai ziko aina mbili. Moja inachukua umeme wake moja kwa moja kwenye koili ya magneto, hiyo haijali betri. Ndiyo ya Mzee. Nyingine inakula umeme wa betri, na hiyo betri ikilala cheche hakuna, piga kiki mpaka mguu uvimbe. Ukitaka kujua yako ni ipi, zima kila kitu, chomoa betri, kisha washa swichi ya ufunguo na upige kiki ukiangalia cheche kwenye plagi. Ndiyo maana nauliza kiki.

Angalizo: usichomoe betri injini ikiwa inaunguruma. Volti zinaweza kupanda zikaunguza balbu na hiyo hiyo sidiai unayoogopa kuinunua.

Mwendo_Pole
Sawa wakuu, ila naona bado hamjaniambia ninunue kipi.

FundiUsiku
Usinunue kitu kabla ya kutoa plagi. Plagi ndiyo itakayokwambia ukweli, si mimi wala jirani yako. Itoe mara tu baada ya kupiga stata. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki: angalia koki, mpira wa mafuta, kikombe, jeti. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika ila hayachomwi, au yamezidi.

Halafu irudishe kwenye kofia yake, chuma cha plagi kiguse kichwa cha injini, uishike kwa koleo yenye mpira, piga stata gizani kidogo. Iweke mbali na lile tundu ulilolitoa, maana mvuke wa petroli unatoka hapo na unaweza kushika moto. Cheche nzuri ni ya buluu na inalia "chap, chap". Ya njano iliyolegea ni mashaka.

Cheche isipoonekana, usikimbilie sidiai. Jaribu plagi nyingine kwanza, kisha ikague kofia ya plagi, nyingi zinaoza kwa ndani pale zinaposhikana na waya. Kisha ule waya wa kuzimia wa dada hapo juu: kwa zile sidiai za magneto, ukiuchomoa na cheche ikarudi, umeshampata mchawi. Sidiai inakuja mwishoni kabisa, na ukiweza jaribu ya kuazima kutoka pikipiki ya aina hiyo hiyo.

Gia_Nne
Na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa kwenye silinda, mmeisahau. Ziba tundu la plagi kwa kidole, mwenzako apige stata, plagi ikiwa bado imegusa chuma au umezima swichi nyekundu. Pumzi lazima isukume kidole kwa nguvu. Ikiwa dhaifu, angalia tapeti, zile zinazosukuma vali. Zikibana sana vali hazifungi vizuri, pikipiki inakuwa ngumu kuwaka, na watu wanalaumu kabureta.

MzeeWaKiki
Hata kama ni kabureta, USINUNUE NZIMA. Fungua ile skrubu ndogo chini ya kikombe, kinga mafuta kwenye chupa angavu, iache itulie. Ukiona tabaka limejitenga chini, hayo ni maji, yanazama chini ya petroli. Maji hayo yanatosha kukugomesha. Mafuta yakinuka kama rangi ya zamani, yamwage yote mpaka ya tanki.

Jeti isafishe kwa dawa ya kabureta na upepo. Mtu asikuchokonolee na waya wa chuma, jeti ni shaba laini, tundu likipanuka hiyo pikipiki itakunywa mafuta maisha yake yote. Na ile skrubu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta, kabla ya kuitoa ikaze taratibu mpaka igote huku ukihesabu mizunguko, ili ujue pa kuirudisha.

Kabureta mpya za bei rahisi ninazoziona nyingi zinakuja na jeti zisizolingana na injini. Ya zamani iliyosafishwa naipa alama zaidi.

Gia_Nne
Mafuta ya tanki si lazima kumwaga, changanya na mapya nusu kwa nusu, yatachomeka.

MzeeWaKiki
Changanya kwako.

Mwendo_Pole
Nimetoa plagi. Imelowa na ina weusi. Cheche ipo, ila ni ya njano njano. Mita sijapata. Mafuta sijui ni ya lini, mdogo wangu ndiye aliyekuwa nayo. Plagi imeandikwa NGK na ina namba 7, dukani wana ya 8, unene sawa na urefu sawa. Nichukue?

TaaKubwa
Cheche ya njano = umeme mdogo = betri. Nimemaliza.

Spana_Kumi
Au plagi chafu, au kofia, au koili. Lakini angalau sasa tuna kitu cha kuongelea. Plagi ni rahisi kuliko vyote vitatu ulivyotaja, anza nayo. Chukua namba ile ile ya 7. Pengo lipime, kwa injini nyingi ndogo ni kama milimita 0.6 hadi 0.8, kitabu cha pikipiki yako kitakwambia kamili. Kabla ya kuifunga, fungua mafuta yote ya silinda yatoke: funga koki, plagi ikiwa nje, chuma chake kikiwa kimegusa kichwa cha injini mbali na tundu, zungusha injini kidogo.

Gia_Nne
Ya 8 inafaa tu, ni kubwa zaidi, ina moto zaidi.

FundiUsiku
Hapana, hapo umechemka. Kwa NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, inatoa joto haraka. Kwenye pikipiki inayotembea safari fupi itakusanya weusi upesi. Bosch ndiyo inaenda kinyume, namba ikipanda ni ya moto zaidi. Watu wengi wanachanganya hapo.

Gia_Nne
Nimetumia ya 8 na sijawahi kuona tofauti.

FundiUsiku
Unaenda masafa marefu. Tofauti utaiona ukiwa wa kusimama simama.

DadaWaKona
Mwendo_Pole, jaribu na kukunja usukani pande zote mbili ukiwa unaangalia cheche. Haikugharimu kitu.

Mwendo_Pole
Asanteni sana wakuu. Nimeamua kuchukua betri, maana yule muuzaji amekubali kunikopesha nusu. Plagi nitachukua ya 7. Kabureta nitaangalia mwisho wa mwezi.

Spana_Kumi
Mwambie basi huyo muuzaji akupimie ya zamani kwa mita yake kabla hujalipa. Mita anayo, hawezi kuuza betri bila mita.

MzeeWaKiki
Mwisho wa mwezi utarudi hapa na betri mpya na pikipiki ile ile.

Pancha_Tena
Samahani kuingilia. Yangu inawaka vizuri asubuhi, nikitembea kama nusu saa inakosa nguvu inazima. Nikisubiri inawaka tena. Na mimi ni betri?

TaaKubwa
Inaweza ku

TaaKubwa
Inaweza kuwa betri*, simu imetuma yenyewe.

FundiUsiku
Ikizima tena, fungua kifuniko cha tanki papo hapo. Ukisikia pumzi inaingia "fyuu" na ikawaka mara moja, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Ukifungua na bado ikagoma, toa plagi ikiwa bado ya moto uangalie cheche, koili zingine zinakufa zikipata joto. Na fungua uzi wako.