Miezi minne tangu nitolewe tezi dume, pampu imenitia hofu. Naomba ushauri

Mzee wa Mbagala
Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 59. Huu ni mwezi wa nne tangu nipasuliwe kwa saratani ya tezi dume, tezi yote ikatolewa. Namshukuru Mungu, PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, imeshuka hadi karibu na sifuri, na mkojo siku hizi unanitoka kidogo tu nikikohoa au nikinyanyua ndoo.

Shida ni uume. Haujasimama hata alfajiri moja. Tena naona umefupika, jambo ambalo hakuna aliyenidokeza kabla ya kupasuliwa.

Daktari alisema neva za upande mmoja ziliachwa, nivute subira. Kliniki ya mwisho akaniambia naweza kutumia pampu ya kuvuta uume ujae, kisha akaita mgonjwa mwingine. Nikanunua mwenyewe dukani, ya kubinya kwa mkono, haina kipimo wala karatasi ya maelezo. Nikaijaribu bafuni, mlango nimefunga. Ulijaa kweli, nikavisha ile pete ya mpira ya kubana shina damu isirudi, lakini ukawa wa baridi na rangi kama ya zambarau. Asubuhi nikaona vijidoa vyekundu kwenye ngozi. Nimeificha juu ya kabati, mke wangu hajui lolote.

Ile rangi ni kawaida? Na je, pampu itanirudishia hali yangu ya zamani?

Kusi la Tanga
Shikamoo mzee wangu, pole sana. Baba yangu mdogo alipitia hayo hayo na mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kliniki, kwa hiyo nasema nilichokiona. Usikate tamaa kwa miezi minne. Yeye alianza kuona dalili mwaka ulishapita.

Dawa Asilia 7
Achana na mapampu, mzee. Nina unga wa mizizi, siku 7 tu unasimama kama kijana. Njoo PM.

Muuguzi wa Zamu
Mzee wa Mbagala, tafadhali usinunue huo unga. Dawa nyingi za namna hiyo zikipimwa hukutwa zimechanganywa sildenafili, ile dawa iliyo ndani ya Viagra, bila kuandikwa popote. Mtu anayetumia dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi akiichanganya na hiyo, presha inaweza kushuka ghafla na kumuua. Na mizizi haiungi neva.

Sasa nikujibu. Neva zinazosimamisha uume zinapita pembeni mwa tezi, kulia na kushoto, nyembamba mno na zimeigandia. Hata daktari akiziacha, zinavutwa na kuchubuka wakati wa upasuaji, halafu zinalala. Kuamka kwake huchukua miezi mingi, hata miaka miwili. Mwanamume mzima husimamisha mara kadhaa usiku akiwa usingizini bila kujua, na hapo ndipo nyama ya ndani inapopata damu yenye oksijeni. Neva zikilala, hilo linakoma. Nyama inaanza kukakamaa na kusinyaa, ndiyo sababu unaona umefupika. Ulistahili kuambiwa mapema, na inaniuma kwamba hukuambiwa.

Pampu inavuta damu kwa nguvu ya utupu, haihitaji neva. Damu hiyo ni mchanganyiko, nyingine ya kwenye vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, ndiyo maana rangi inakuwa ya bluu na uume ni wa baridi, hasa ukishavaa pete. Hilo ni kawaida. Vijidoa ni alama kwamba ulivuta kwa haraka au kwa nguvu kupita kiasi. Pumzika mpaka viishe.

Tafuta pampu ya hospitali yenye valvu ya kuzuia mvuto usizidi. Nyoa nywele za kwenye shina. Paka jeli inayoyeyuka kwenye maji, siyo mafuta ya mgando. Vuta polepole mpaka ujae, subiri kidogo, achia hewa, rudia, kama dakika 10 kwa siku, BILA pete. Hilo ni zoezi. Pete ni ya tendo peke yake, na isizidi dakika 30 hata kidogo. Kama una selimundu, au unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, usiiguse kabla ya kumwona daktari.

Swali lako la mwisho nalijibu bila kukuficha: inasaidia kutunza urefu na inawezesha tendo. Kwamba inaharakisha neva kupona, hilo halijathibitishwa.

Kusi la Tanga
Niongeze alichonisimulia baba mdogo: ukisimama kwa pampu unayumba kwenye shina, kwa sababu sehemu ya uume iliyo ndani ya mwili haijai. Yeye alidhani ameharibika. Taratibu wakazoea, wakajua mkao unaowafaa.

Mama Wawili
Kaka, mimi ni mke wa mtu aliyetolewa tezi. Miezi sita mume wangu alilala ameuelekea ukuta. Nikajua amepata mwingine, nikalia kimyakimya, kumbe naye analia upande wake. Siku aliponionyesha pampu, nilihisi mzigo umenitoka kifuani. Sasa mara nyingi naivuta mimi, yeye anashika pete.

Na jambo tusiloambiwa: raha ya kilele bado anaipata, ila hakuna kinachotoka, maana vinavyotengeneza shahawa vimetolewa. Mara ya kwanza alishtuka sana. Usimfiche mke wako. Hayo maumivu unayomwepusha tayari anayo.

Mzee wa Mbagala
Nimesoma yote mara mbili. Muuguzi, Mungu akulipe, sina selimundu wala situmii warfarini. Ile pampu ya dukani nimeitupa.

Mama Wawili, jana baada ya kula nilimwambia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini nilibeba peke yangu. Akasema alikuwa ameshaiona juu ya kabati wakati anafuta vumbi, akaogopa kuuliza. Alhamisi nina kliniki. Ameomba ruhusa kazini, tunakwenda wote, na maswali ameshayaandika kwenye daftari lake.