Kikundi cha watu wanne Bagamoyo: tukitaka kukua tuongeze wangapi?

MwanaKaole: Wakuu, tuko wanne, kila mtu na sauti yake, tunaimba bila ala hotelini na kwenye harusi. Tukijaribu wanane, wawili wawili, ubeti wa tatu unatukuta tumeshuka nusu toni. Na hela ikigawanywa inakuwa nauli tu. Tufanyeje?

SautiYaNne: Wawili kwa sauti moja ndiyo hesabu ngumu kuliko zote. Mmoja akiwa kwenye mitetemo 440 kwa sekunde na mwenzake 443, sauti inayumba mara tatu kwa sekunde na kila mtu anaisikia. Wakiwa watatu tofauti inafunikwa kiasi. Nendeni sita, kila mtu na mstari wake, kama The King's Singers wa Uingereza walivyo tangu 1968. Anzeni na besi wa pili. Ila nyimbo zipangwe upya; mstari mpya ukiwa nakala ya besi oktavu juu, mmeongeza mdomo tu. Na msimsaili mtu kwa solo: mpeni mstari wa katikati aushike wengine wakiimba.

DoMiSo: Kushuka kunatokana na hatua, yaani umbali wa kutoka noti moja hadi nyingine. Watu wakishuka so-fa-mi hurefusha hatua, wakipanda la-ti-do huzifupisha, basi kila ubeti mnapoteza kidogo. Noti inayorudiwarudiwa nayo huteleza. Dawa: besi ashike do, wengine wapande juu yake taratibu kwa irabu "u" bila maneno, kisha mpige uma wa A (kile chuma cha kupimia sauti) mwisho wa kila ubeti mjue mlipoteleza. Pumzi pia: andikeni kwenye nota nani anavuta wapi. Wote wakivuta pamoja, wakirudi wanarudi chini.

MwanaKaole: Asante mkuu. Na kwenye banda la makuti, upepo wa bahari?

DoMiSo: Makuti hayarudishi sauti, hamsikiani, mnaanza kupiga kelele. Simameni nusu duara la kubana, ukuta mgongoni, besi katikati.

Mhasibu_wa_Kwaya: Upande wa hela: tuseme kazi ni 600,000. Toeni kwanza asilimia 10 ya mfuko wa kikundi, inabaki 540,000. Wanne ni 135,000 kila mmoja, sita ni 90,000, wanane 67,500. Kwa hiyo bei ipande kabla watu hawajaongezeka: sita wakitaka kubaki pale pale, kazi iwe 900,000. Nusu ilipwe kabla, kwa maandishi, nauli ikae mstari wake. Usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) msiuache, wateja wakubwa huuliza.