Bendi yetu ya roki ikipiga katika baa ndogo, mwimbaji hasikiki. Tufanyeje?

Besi_NgongRoad:
Ndugu zangu, habari za kazi. Sisi ni vijana wanne wa Nairobi tunaopiga roki baada ya saa za ofisi: magita mawili (moja la solo, jingine la ridhim), besi na dramu, na mpiga ridhim ndiye mwimbaji wetu. Baa hutupatia spika mbili juu ya stendi, mikisa ndogo ya kuchanganyia sauti, maiki na monita moja, yaani spika ya jukwaani ya mwimbaji kujisikia, nasi hubeba magita na amplifaya zetu kwa teksi, kisha tukagawana kinachobaki kwenye viingilio baada ya kutoa nauli. Hayo tumeyakubali. Linalotuumiza ni kwamba tunaandika nyimbo zetu kwa Kiswahili, tunahangaika na kila ubeti mpaka ukae sawa, lakini tukifika jukwaani hakuna anayesikia neno. Mwimbaji akiomba aongezewe sauti, maiki inapiga mluzi. Mpiga solo naye analalamika kwamba hajisikii, anaipandisha amplifaya yake ya wati 100, dramu zinafuata, na kabla hatujafika mbali mwenye baa anakuja kutuomba tupunguze kwa sababu wateja wa meza za mbele wanahama. Ukumbi wenyewe ni mdogo, una paa la mabati lisilo na dari, na upande wa barabara ni vioo vitupu. Je, tuchange fedha tununue spika kubwa zaidi, au lipo jambo tunaloweza kufanya na vyombo tulivyo navyo?

Fundi_Mitambo:
Msinunue spika. Mluzi huo ni sauti inayotoka kwenye spika, ikaingia tena kwenye maiki, ikakuzwa na kutoka upya, na ukumbi wa mabati na vioo huirudisha sauti hiyo haraka mno, kwa hiyo spika kubwa haitawaondolea tatizo. Kinachotakiwa ni kuvishusha vyombo vingine mpaka sauti ya mwimbaji ikae juu yake. Anzeni na dramu, kwa kuwa hazina kitufe cha kupunguza, na kila amplifaya jukwaani hupandishwa ili izifikie.

Kisha ziondoeni amplifaya sakafuni. Amplifaya iliyo sakafuni humpiga mpiga gita magotini, na kwa kuwa sauti kali za gita hutoka kwenye spika zikienda moja kwa moja mbele, yeye hazisikii vizuri, ilhali mteja aliyeketi mita nne mbele yake anazipata zote usoni. Ipandisheni juu ya kreti ya soda na kuilaza nyuma kidogo mpaka iyaelekee masikio ya mwenye kuipiga, nanyi mtaona akiipunguza mwenyewe bila kuombwa. Kuhusu wati 100, fahamuni kwamba amplifaya ya wati 10 inazidiwa kwa desibeli 10 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na sikio la mtu huichukulia tofauti hiyo kuwa takriban nusu ya ukubwa wa sauti. Ya wati 15 inatosha kabisa kwa baa.

Mwimbaji naye aisogelee maiki. Midomo ikitoka sentimita 10 hadi 5, maiki hupata takriban desibeli 6 zaidi kabla fundi hajagusa chochote. Asikishike kichwa cha maiki kwa kiganja, ingawa waimbaji wengi wa roki hupenda kufanya hivyo: maiki nyingi za kuimbia zimetengenezwa zisipokee sauti kutoka nyuma, na kiganja huziba matundu yanayofanya kazi hiyo. Spika za ukumbi zikae upande wa wateja, mbele ya pale maiki ilipo, na monita ikae sakafuni upande wa mkia wa maiki, ikimwelekea mwimbaji.

Mzee_wa_Solo (Dar es Salaam):
Vijana wangu, fundi amesema kweli, lakini mimi naona kiini kiko katika upangaji wa nyimbo. Nimepiga gita katika bendi za dansi kwa miaka mingi. Bendi kama Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978, zilikuwa na magita kadhaa, tarumbeta, saksofoni na safu ya waimbaji, na bado watu walirudi nyumbani wakiwa wameyashika maneno, kwa sababu kila gita lilikuwa na njia yake. Ridhim hurudia kipande kifupi, besi huacha nafasi, na solo hujibu pale mwimbaji anapovuta pumzi.

Katika roki ninayoisikia siku hizi, magita yote mawili hupiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ile ile, kwa mkwaruzo ule ule, tangu wimbo unapoanza hadi unapokwisha. Mkwaruzo huo hujaa mahali pale pale zinapokaa konsonanti za mwimbaji, yaani kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na 4,000, na konsonanti zikizama msikilizaji hubaki na irabu tupu. Jaribuni hivi: katika ubeti gita moja linyamaze, na jingine lipige nyuzi mbili zilizozibwa kwa kiganja, yote mawili yafunguke kwenye kiitikio. Msihofu kupoteza nguvu ya roki, maana kiitikio kitaonekana kikubwa zaidi kikitanguliwa na ubeti uliotulia. Na katika mazoezi, wimbo mmoja mmoja, mwimbaji aimbe bila maiki. Pale asiposikika, andikeni ni chombo gani kilichomfunika.

Besi_NgongRoad:
Shikamoo mzee, na ahsante sana fundi. Mwimbaji wetu ndiye hasa wa kukumbatia maiki. Mpiga dramu, hata hivyo, anasema akipiga kwa sauti ndogo wimbo unapoa.

Dramu_Mombasa:
Kaka, mwambie dada yenu wa Mombasa anapiga roki kwa sauti ndogo na wimbo haupoi. Nguvu ya mdundo inatoka kwenye kushika mwendo, na mikono inaweza kushuka huku mguu ukibaki imara. Atumie fimbo nyembamba au zile za vijiti vilivyofungwa pamoja, ainue mikono chini ya usawa wa mabega, atie blanketi ndani ya dramu kubwa na kitambaa juu ya sneya, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, na kwenye ubeti apige hayahati (sahani mbili za kufungwa kwa mguu) ikiwa imefungwa badala ya sahani kubwa. Sahani ndizo zinazoingia kwenye maiki ya mwimbaji kuliko chombo chochote. Zulia chini ya dramu pia husaidia.

Tena afikirie masikio yenu. Kipimo cha usalama kazini kinachotumiwa na taasisi ya NIOSH ya Marekani ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hukatwa nusu. Kwa desibeli 100 hubaki dakika 15. Jukwaa mnaloeleza linafika huko bila shida, nanyi mnafanya mazoezi katika kiwango hicho hicho. Vaeni vizibo vya masikio.

Fundi_Mitambo:
Dada amenena. Nyongeza moja tu: mkijaribu vyombo ukumbi ukiwa mtupu, sauti itakuwa kali kuliko baadaye, kwa kuwa miili ya watu hunyonya sauti, hasa zile za juu. Msizikate zote mapema. Mpiga besi atafute waya mrefu, apige huku akisimama kwenye meza ya mwisho, na mwimbaji aimbe ubeti ambao mpiga besi hajaukariri. Akiuelewa kutoka pale, acheni mikisa kama ilivyo.